Michezo ya Kale ya Kompyuta na Elimu Iliyomo Ndani Yake

Mchuuzi wa machungwa sokoni hukata kipande kimoja akampa mpita njia aonje. Akiridhika, hununua, asiporidhika, huenda zake, na hakuna aliyedhulumiwa. Desturi hii ya kuonjesha ni ya kale, na wala haihitaji maelezo marefu. Lakini katika mwaka 1982, huko Marekani, watu wawili ambao hawakuwa wakijuana waliitumia desturi hiyo hiyo katika bidhaa mpya kabisa, yaani programu za kompyuta. Andrew Fluegelman alitunga programu ya kuunganisha kompyuta kwa njia ya simu, na Jim Knopf akatunga programu ya kuhifadhi orodha za habari. Kila mmoja aliwaruhusu watu wanakili programu yake na kuwagawia wenzao, ila akawaomba wale walioiona ina manufaa wamtumie malipo. Mwaka uliofuata Bob Wallace alitoa programu yake ya kuandikia kwa utaratibu huo, na jina alilolitumia, sheawea, ndilo lililoenea.

Katika utaratibu huo wa sheawea ilizaliwa jamii nzima ya michezo ya kompyuta: michezo ya mafumbo, ambamo mchezaji hutafuta njia ya kupita kwa kufikiri, na michezo ya majukwaa, ambamo huruka kutoka daraja moja hadi jingine. Michezo hiyo iliendeshwa na mfumo ulioitwa DOS, uliotumika katika kompyuta za aina ya IBM kuanzia mwaka 1981. Leo mingi kati yake inapatikana bila malipo. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyotengenezwa, hesabu zilizofichwa ndani yake, na maana halisi ya neno "bure" linapotumiwa juu yake.

Kompyuta ndogo, akili kubwa

Yafaa kwanza msomaji afahamu udogo wa vifaa vya wakati ule. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na saa ya ndani iliyopiga mapigo milioni 4.77 kwa sekunde moja. Idadi hiyo yaonekana kuwa kubwa, lakini amri moja tu ya kompyuta hiyo ilihitaji mapigo kadhaa, na mara nyingine makumi ya mapigo. Diski laini ya inchi 5.25 iliyotumika sana ilichukua kilobaiti 360. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo, ikiwa na megabaiti 3.6, ingehitaji diski kumi za namna hiyo.

Usafirishaji nao ulikuwa wa taratibu. Modemu ya miaka ya 1980 iliyopeleka biti 2,400 kwa sekunde iliweza kupitisha herufi zipatazo 240 kwa sekunde, kwa kuwa kila herufi ilihitaji biti kumi pamoja na zile za kuianzia na kuimalizia. Baiti zote za diski moja iliyojaa ni 368,640. Mwanafunzi akigawanya kwa 240 atapata sekunde 1,536, yaani zaidi ya dakika 25 za kushikilia laini ya simu. Kwa hiyo mtunzi aliyetaka mchezo wake uenee alilazimika kuufanya uwe mdogo. Udogo haukuwa pambo. Ulikuwa sharti la kuishi.

Njia moja ya kupunguza ukubwa ilikuwa kuacha kabisa kuchora picha. Skrini ya maandishi ya kompyuta hizo ilikuwa na safu wima 80 na mistari 25, yaani nafasi 2,000. Kila nafasi ilihitaji baiti mbili tu: moja ya kutaja herufi na nyingine ya kutaja rangi. Skrini nzima, basi, ilitoshea katika baiti 4,000. Na kwa kuwa baiti moja ina uwezo wa kutaja vitu 256, kompyuta hiyo haikuwa na alfabeti peke yake. Ilikuwa pia na alama za uso unaotabasamu, almasi, mioyo, mishale na vipande vya kuta. Mwenye ubunifu aliweza kujenga dunia nzima kwa alama hizo.

Kroz na hesabu ya adui

Scott Miller wa jimbo la Texas alikuwa mmoja wa wabunifu hao. Mwaka 1987 alitoa mchezo wa Kingdom of Kroz, alioutunga kwa lugha ya Pascal. Jina Kroz ni Zork lililogeuzwa nyuma mbele, Zork likiwa jina la mchezo maarufu wa maandishi uliotangulia. Katika Kroz mchezaji ni kichwa kidogo kinachotabasamu. Hupita katika vyumba vya chini ya ardhi akiokota vito, akichapa mijeledi ili kuwazuia maadui na kuvunja baadhi ya kuta, na akitafuta ngazi ya kumpeleka chumba kinachofuata. Adui akimgusa, humpunguzia vito. Vito vikiisha, uhai umekwisha.

Ni kanuni gani inayomfanya adui amfuate mchezaji? Kanuni ya namna hii haizidi mistari michache. Nafasi ya mchezaji hulinganishwa na nafasi ya adui. Mchezaji akiwa upande wa kulia, adui husogea nafasi moja kulia. Akiwa kushoto, husogea kushoto. Hufanywa vivyo hivyo kwa juu na chini. Adui hana macho wala chuki. Ana kutoa na kulinganisha tu.

Mwalimu wa Hisabati anaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi kwa karatasi ya mirabaraba. Adui na awekwe kwenye nukta (2, 3) na mchezaji kwenye nukta (9, 7), naye mchezaji asiondoke. Tofauti ya mlalo ni 7, na ya wima ni 4. Ikiwa adui anaruhusiwa kwenda mshazari, atafika kwa hatua 7, yaani ile tofauti iliyo kubwa zaidi. Ikiwa anaruhusiwa njia nne tu, bila mshazari, atahitaji hatua 11, yaani jumla ya tofauti zote mbili. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba neno "umbali" lina maana zaidi ya moja, na kwamba maana ipi itumike hutegemea kanuni ya mwendo. Watagundua pia udhaifu wa kanuni hiyo: haina hekima ya kuzunguka ukuta. Kuupata udhaifu wa adui na kuutumia ndicho kiini cha mchezo wa fumbo.

Miller hakuwa mbunifu wa michezo peke yake. Aliona kwamba watu wengi hucheza bila kulipa, kwa kuwa walikwisha kupewa kitu kizima. Akaamua kuugawa mchezo katika sehemu. Sehemu ya kwanza iligawiwa bure kwa yeyote, nayo ilikuwa kamili, yenye mwanzo na mwisho. Aliyetaka sehemu zilizofuata alizinunua kwake moja kwa moja kwa njia ya posta. Mchuuzi wa machungwa angeuelewa mpango huo mara moja. Kampuni yake, Apogee, iliuendeleza, na watunzi wengi wakauiga.

Keen na hila ya vigae

Mchezo wa maandishi una mipaka yake. Watu walikuwa wamekwisha kuuona mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, ambamo mandhari huteleza kwa ulaini mchezaji anapokimbia. Chombo cha Nintendo kiliundwa kwa kazi hiyo. Kompyuta ya ofisini haikuundwa hivyo, na wengi waliamini kwamba haiwezi kuifanya.

Tatizo lilikuwa la hesabu. Kadi ya picha ya IBM iliyotolewa mwaka 1984 iliweza kuonyesha nukta 320 kwa 200, kila moja ikiwa na rangi moja kati ya 16. Rangi 16 huhitaji biti nne, kwa sababu mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara nne ni 16. Gawa picha hiyo katika vigae vya nukta 16 kwa 16. Kila kigae kina nukta 256, yaani biti 1,024, ambazo ni baiti 128. Vigae 20 kwa upana na 12 kwa urefu ni vigae 240, sawa na baiti 30,720. Kuvichora vyote upya mara 20 kwa sekunde ni kuhamisha baiti 614,400 kila sekunde, na bado kuna kazi ya kusoma kibodi, kuwaendesha maadui na kupiga sauti. Kompyuta za wakati ule zililemewa.

Mnamo Septemba 1990 kijana John Carmack, aliyekuwa akifanya kazi mjini Shreveport katika jimbo la Louisiana, alipata ufumbuzi. Hakuongeza nguvu za kompyuta; aliuliza swali jingine. Badala ya kuuliza jinsi ya kuchora upesi zaidi, aliuliza ni vitu gani havina haja ya kuchorwa. Mandhari ikisogea kigae kimoja kwenda kushoto, mahali palipokuwa na anga la buluu patajazwa na kigae cha jirani, nacho pia ni anga la buluu. Hapana kilichobadilika, basi hapana cha kuchora. Kompyuta ililinganisha orodha ya vigae vya zamani na vya sasa, ikachora vile tu vilivyotofautiana. Ule mwendo mdogo wa ndani ya kigae uliachiwa kadi ya picha, ambayo inaweza kuamriwa kuanza kuonyesha kumbukumbu yake kutoka mahali tofauti kidogo.

Tuseme vigae vilivyobadilika ni 40 kati ya 240. Kazi imeshuka kutoka baiti 30,720 hadi baiti 5,120, yaani sudusi moja. Kwa hila hiyo Carmack na wenzake walitunga Commander Keen, habari za mtoto mwenye akili nyingi anayesafiri hadi sayari ya Mirihi kwa chombo alichokiunda mwenyewe. Apogee iliutoa tarehe 14 Desemba 1990 kwa utaratibu wake: sehemu ya kwanza bure, sehemu mbili zilizofuata kwa malipo. Wanafunzi wa sayansi hawana budi kuliangalia jambo hili kwa makini. Mara nyingi ufumbuzi haupatikani kwa kuongeza bidii katika njia ile ile, bali kwa kutambua ni sehemu gani ya kazi isiyo na lazima.

Fumbo dogo, hesabu isiyokwisha

Msomaji asidhani kwamba michezo ya kusukuma makasha na mawe, iliyojaa katika michezo ya DOS, ni ya watoto tu. Mama wa michezo hiyo ni Sokoban, uliotungwa na Hiroyuki Imabayashi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtunza ghala husukuma makasha hadi mahali yanapotakiwa. Anaweza kusukuma, lakini hawezi kuvuta, wala hawezi kusukuma makasha mawili kwa pamoja. Kasha lililosukumwa kwenye pembe halitoki tena.

Chukua ghala lenye nafasi 30 na makasha 6 yanayofanana. Njia za kuyapanga makasha hayo ni 593,775. Mtunza ghala anaweza kusimama katika nafasi yoyote kati ya 24 zilizobaki, hivyo hali zinazowezekana ni 14,250,600. Sasa ongeza ghala liwe na nafasi 60 na makasha 10. Njia za kuyapanga ni 75,394,027,566, na zikizidishwa kwa nafasi 50 zilizobaki hutoa hali zaidi ya trilioni 3.7. Ghala limeongezeka mara mbili tu, lakini hali zimeongezeka zaidi ya mara 264,000.

Mwaka 1997 Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, alithibitisha kwamba fumbo hili, kwa ujumla wake, limo katika kundi la matatizo magumu sana yanayojulikana katika sayansi ya kompyuta. Hadi leo hakuna aliyegundua njia ya jumla ya kuyafumbua matatizo ya kundi hilo bila muda kuongezeka kwa kasi ya kutisha kadiri fumbo linavyokua. Mwanafunzi anayekwama katika chumba cha makasha, basi, asijilaumu. Yuko kwenye ukingo wa elimu ya binadamu.

Maana tatu za neno "bure"

Sasa yafaa lichunguzwe neno linalotumiwa ovyo. Husemwa kwamba michezo hii yote ni ya bure. Sivyo hasa, kuna madaraja matatu, nayo yatofautiane vichwani mwa wasomaji.

Daraja la kwanza ni sehemu ya kuonjesha. Sehemu ya kwanza ya Commander Keen iliruhusiwa kunakiliwa tangu siku ya kutolewa kwake, lakini sehemu zilizofuata zina mwenyewe, na hakimiliki yake haikufutika kwa sababu ya uzee. Daraja la pili ni mchezo mzima ulioachwa na mwenyewe kuwa wa bure, kama ilivyokuwa kwa Jetpack na God of Thunder, michezo miwili ya mwaka 1993. Hapo mtu huruhusiwa kucheza mchezo wote, ingawa ruhusa hiyo peke yake haimpi matini asilia, yaani maandishi ambayo mtunzi aliyaandika. Daraja la tatu ni lile ambalo hata matini asilia yametolewa. Mwaka 2009 Apogee iliifungua michezo yote ya Kroz pamoja na matini yake ya Pascal, kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyasambaza tena, mradi naye asiwafungie wengine.

Nje ya madaraja hayo kuna michezo iliyotelekezwa. Kampuni imekufa, mwenye haki hajulikani alipo, na watu huinakili kwa kuwa hakuna anayewazuia. Kutozuiwa si kuruhusiwa. Tangu Januari 2015 jumba la kumbukumbu la intaneti liitwalo Internet Archive limeweka michezo ya DOS, yapata 2,400 kwa mwanzo, inayochezwa moja kwa moja katika kompyuta ya msomaji. Lakini kuwekwa humo si ushahidi kwamba mwenyewe ameutoa mchezo huo uwe wa bure.

Kuiendesha michezo hii katika kompyuta za leo nako kulihitaji ubunifu. Mingi ilipima muda kwa kuhesabu mizunguko ya kompyuta yenyewe. Kompyuta ikiwa na kasi zaidi, maadui nao hukimbia zaidi, hadi mchezo haufai. Ndiyo sababu kompyuta nyingi za miaka ya 1980 ziliwekwa kitufe cha kupunguza kasi. Leo kazi hiyo hufanywa na programu kama DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ambayo hujifanya kuwa kompyuta ya kale na kutekeleza idadi maalumu ya amri katika kila kipindi.

Kilichopotea na kilichookolewa

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha kwa nini mambo haya si ya mchezo. Mwaka 1991 Tim Sweeney, mwanafunzi wa uhandisi katika jimbo la Maryland, alitoa mchezo wa ZZT. Alikuwa ameanza kwa kujitengenezea programu ya kuandikia. Kisha akaigeuza alama ya kuonyesha mahali pa kuandika ikawa mtu anayetembea. ZZT ulikuwa mchezo wa alama za maandishi kama Kroz, lakini ulikuwa na jambo moja kubwa: ndani yake mlikuwa na vifaa vya kujengea michezo mipya, pamoja na lugha ndogo ya kuziamuru alama zitende hili au lile. Vijana wengi walijifunza kutunga programu kwa njia hiyo, kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote. Kampuni ya Sweeney ndiyo iliyokua ikawa Epic Games.

Baadaye mchezo wa ZZT uliachwa uwe wa bure. Lakini matini yake asilia hayakutolewa, kwa sababu yalikuwa yamepotea kompyuta iliyoyahifadhi ilipoharibika. Programu iliyokwisha kutafsiriwa katika lugha ya mashine ilibaki kwenye diski za watu maelfu. Maandishi ambayo binadamu angeyasoma hayakuwapo. Ni kama kubaki na mkate baada ya kupoteza maelezo ya kuuoka.

Mwaka 2020 mtaalamu mmoja aliyeupenda mchezo huo alikamilisha kuyaandika upya matini hayo. Alichambua amri za mashine moja moja, akakisia ni maneno gani ya Pascal yangezizaa, kisha akayatafsiri tena kwa kompaila ya zama zile na kulinganisha matokeo na programu ya asili, baiti kwa baiti, hadi yalipolingana kabisa. Majina ya asili ambayo Sweeney alivipa vitu ndani ya matini hayawezi kurudi, kwa kuwa lugha ya mashine haiyatunzi. Lakini utaratibu wote wa kazi umerudi. Sweeney alitoa idhini, na matini hayo sasa ni huru kwa wote.

Kisa hiki kina fundisho kwa kila anayehifadhi elimu, awe mtunzi wa programu au mwalimu mwenye daftari la majaribio ya maabara. Kile ambacho Sweeney aliwagawia watu ndicho kilichosalia. Kile alichobaki nacho peke yake ndicho kilichopotea. Na kilipotafutwa tena, kilipatikana kwa kupitia nakala zilizokuwa mikononi mwa wengine.

Zoezi la darasani

Shule yenye kompyuta moja tu, hata iwe kuukuu, inaweza kuutumia mchezo wa Kroz katika somo. Wanafunzi na wagawanywe katika makundi. Kundi la kwanza licheze na kuandika kanuni za mwendo wa maadui kadiri wanavyoziona. Kundi la pili litafute kanuni hizo hizo katika matini ya Pascal. Kisha makundi yote mawili yalinganishe orodha zao. Palipo na tofauti, ama macho yamekosea, ama usomaji umekosea. Na kuamua ni lipi, kwa kurudia jaribio, ndiyo kazi ya sayansi.

Shule isiyo na kompyuta isisite. Karatasi ya mirabaraba, vifuniko vya chupa vya kuwa makasha, na kanuni mbili za Sokoban vyatosha kuanzia. Mwanafunzi mmoja awe mchezaji, na mwingine awe kompyuta, akifuata kanuni bila kuongeza wala kupunguza. Atakayekuwa kompyuta ndiye atakayejifunza zaidi.